Gari Likizima Genkuru

Nimefanya uuguzi miaka mingi upande wa Tarime, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeipitisha barabarani, katika huduma ya mkoba. Asiyeijua huduma hiyo namweleza kwa ufupi: timu ya watu wachache inapakia chanjo, mizani ya watoto, kadi za kliniki, matone ya vitamini A na dawa za minyoo, inavifuata vijiji ambako mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kutembea hadi kituo cha afya na kurudi kabla giza halijaingia. Genkuru ilikuwa mojawapo ya safari zetu. Tulitoka Tarime mjini, tukapita Nyamwaga, tukapita Nyamongo penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kuanzia hapo tukaachana na malori ya mgodi tukaingia barabara ya udongo.

Udongo wenyewe ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na vumbi lake linapenya hata ndani ya boksi lililofungwa kwa plasta. Masika ikianza, mwezi wa tatu, udongo uleule unaganda kwenye matairi mpaka meno yote yanajaa tope, na gari lenye nguvu zozote linabaki kusaga palepale. Halafu kuna maji. Mto Mara unaanzia juu, kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, na unasafiri karibu kilomita 400 hadi Ziwa Victoria, kwa hiyo unaweza kujaa huku kwetu siku ambayo hatujaona hata wingu. Vijito vinavyouingia navyo havitabiriki: asubuhi unavuka maji ya kwenye kifundo cha mguu, jioni unayakuta kiunoni. Dereva wetu alikuwa na desturi ya kusimama kabla ya kuvuka, anakata fimbo, anakunja suruali, anaingia majini kwa miguu yake na kupima. Hakuwahi kuiacha desturi hiyo hata tulipokuwa tumechelewa, na sikuwahi kumsikia mama yeyote wa Genkuru akilalamika kwamba amesubiri kwa sababu ya ile fimbo.

Gari letu la kwanza lilikuwa kuukuu. Lilivuja oili, milango yake ilifungwa kwa kupigwa teke, na mara kwa mara lilivunja hafshafti. Lakini Mzee, ndivyo tulivyomwita dereva, alibeba hafshafti ya akiba chini ya kiti cha nyuma, imeviringishwa kwenye gunia, pamoja na mkanda wa feni, mpira wa rejeta, fyuzi, waya, tochi na kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni ilikuwa ya tangi: jiwe likilitoboa, anaisugua kwenye tundu mpaka linaziba, safari inaendelea. Hafshafti ikikatika, anafungua bolti za habu, anavuta kipande kilichovunjika, anakitafuta kilichobaki ndani kwa waya aliokunja ncha, anaingiza mpya, anafunga. Sisi tunakaa kivulini, mwenzangu anapanga kadi. Jua likiwa bado juu tunakuwa tumefika. Gari lile liliharibika mara nyingi kuliko gari lolote nililowahi kupanda, na kwa kumbukumbu yangu halikuwahi kutulaza njiani.

Kisha mradi mmoja uliokuwa ukitusaidia ukatuletea gari jipya la foo wili. Lilikuwa zuri kweli. Jeupe, lina mkonga wa kupumulia juu ya paa, lina winchi mbele, ndani lina kiyoyozi na skrini inayoonyesha njia. Siku lilipokabidhiwa, watu walipiga picha mbele yake. Mzee alingoja picha ziishe, akafungua boneti. Chini ya boneti kulikuwa na kifuniko cha plastiki kilichofunika injini yote, na alipokiondoa kukawa na mabomba na plagi zilizosongamana ukuta kwa ukuta. Aliinama muda mrefu. Aliponyanyuka akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu: “Sista, hapa mkono wangu unaingia wapi?”

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea, tulikuwa tunakwenda Genkuru kwa chanjo ya surua na rubela pamoja na nyingine za kawaida. Mzee alipima kijito kwa fimbo, akaridhika, tukaingia. Katikati ya maji taa ya njano ya injini ikawaka. Gari halikuzima papo hapo, bali lilipunguza nguvu lenyewe; Mzee anakanyaga mafuta, injini inakataa kuitika. Ndivyo magari ya siku hizi yalivyoundwa: kompyuta ikipokea taarifa isiyoielewa kutoka kwenye sensa, inapunguza mwendo ili kuilinda injini. Kwenye barabara kuu ya lami, penye gereji kila baada ya kilomita chache, ulinzi huo ni jambo jema. Sisi ulituacha magurudumu ya nyuma yakiwa ndani ya kijito, na tulipotambaa hatua chache kutoka majini, injini ikazima kabisa.

Mzee alifanya yote anayofanya fundi mwenye akili. Akakagua betri, fyuzi, oili, maji, chujio la dizeli. Kila kitu kilikuwa salama. Akaniambia, “Sista, gari linajua linaumwa nini, ila haliniambii.” Lilihitaji mashine ya kusoma kompyuta yake, na mashine hiyo ilikuwa mjini.

Mradi ulikuwa na mkataba na kampuni ya huduma za dharura za barabarani, na ada ilikuwa ikilipwa kila mwaka. Tukapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Mzee akapiga ofisini, ofisi ikapiga kwenye kampuni, kampuni ikampigia Mzee. Sauti ya binti mwenye adabu ikaomba jina la mtaa na namba ya jengo lililo karibu. Mzee akamweleza: Genkuru, wilaya ya Tarime, baada ya Nyamongo, kwenye kijito. Binti akasema kwenye ramani yake hapaoni. Baadaye tukaambiwa breki dauni litatoka Mwanza, zaidi ya kilomita 250, ila safari yake inavuka umbali uliokubaliwa kwenye mkataba, hivyo inahitaji idhini ya malipo ya ziada, na mwenye kuidhinisha yuko semina. Ilikuwa Ijumaa.

Nataka msomaji aone kilichokuwa mikononi mwangu wakati simu hizo zikipigwa. Kwenye lebo ya kichupa cha chanjo kuna alama ndogo, duara lenye mraba ndani yake. Chanjo ikiwa nzima, mraba ni mweupe kuliko duara. Joto linavyoipata, mraba unazidi kuwa mweusi, na ukifanana rangi na duara chanjo hiyo haifai tena, unaitupa. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kibebeo chetu kilikuwa na vipande vya barafu vilivyogandishwa usiku uliopita. Barafu haijui idhini ya malipo. Nilifungua kifuniko kwa haraka, nikatazama mraba, nikafunga, nikajizuia nisifungue tena, kwa sababu kila unapofungua ili kuangalia ndivyo unavyoingiza joto. Kule shuleni Genkuru, tulikopanga kuchanjia, akina mama walikuwa wameshafika, wengine tangu alfajiri.

Aliyetutoa kwenye shida hiyo ni kijana wa bodaboda. Alikuwa anapita na gunia la mahindi ya kusaga. Alisimama bila kuitwa, akatusalimu, akasikiliza, akashusha gunia lake kwenye nyumba ya jirani. Kibebeo cha chanjo tukakifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi, mimi nikakaa nyuma yake nikiwa nimekumbatia boksi la mabomba ya sindano. Akapita njia za ng’ombe ambazo gari haliwezi kupita, akakwepa tope kwa kukata shamba la mihogo la baba yake mdogo. Akarudi kumchukua mwenzangu. Tulichanja watoto wote waliokuja, na mraba kwenye vichupa ulikuwa bado mweupe. Nauli aliyotaka ilikuwa ndogo mno, ikabidi tumbembeleze apokee zaidi.

Gari lilibaki na Mzee. Mchana ukakatika, mawingu yakajikusanya upande wa Kenya, na watu wa hapo wakamwambia wazi kwamba lilipo si salama, maji yakipanda yatalifikia. Akaja mzee mmoja wa kijiji na vijana wake, wameswaga maksai wa kulimia, jozi kwa jozi, na nira na mnyororo wa plau. Sisi Wakurya tunalima kwa maksai tangu zama za babu zetu, na wanyama wale wanajua kuvuta kwenye tope kuliko mashine nyingi. Mnyororo ukanaswa kwenye ndoano ya mbele ya gari. Kijana mmoja akasimama mbele ya jozi ya kwanza akitembea kinyumenyume na kuwaita, mwingine pembeni na fimbo ambayo hakuipiga, aliionyesha tu. “Mura, polepole, wasivute kwa pupa!” baba yake alimwambia. Mnyororo ukakaza, kwato zikazama, na gari likakataa kusogea hata unyayo mmoja.

Breki ya mkono ilikuwa ya umeme. Gari lilipozima, breki ikabaki imeshika magurudumu, na giaboksi ya otomatiki nayo imejifunga. Maksai walikuwapo, watu walikuwapo, mnyororo ulikuwapo, na gari lilikuwa limejitia kufuli.

Niliporudi kutoka shuleni nilikuta wamemwita fundi kijana kutoka Nyamongo. Alikuwa amelala chali chini ya gari, mgongo kwenye tope, tochi ya simu mdomoni. Hakuwahi kuliona gari la aina ile. Alikuwa akifuata kwa vidole waya mmoja baada ya mwingine kuanzia kwenye gurudumu, akijiambia kimoyomoyo kwamba mtu aliyeunda breki ya namna hii lazima aliwaza siku itakapokwama, na lazima aliacha njia ya kuifungua kwa mkono. Mwenyewe ndivyo alivyonieleza baadaye. Na kweli, aliikuta. Chini ya kifuniko kidogo ndani ya gari kulikuwa na kitanzi cha waya wa dharura. Alikivuta kwa mpini wa spana, sauti ikasikika, magurudumu yakaachia. Giaboksi nayo akaifungua kwa bisibisi kwenye kitundu kilicho pembeni ya rungu la gia. Maksai wakavuta mara ya pili, gari likapanda ukingo kama jembe linavyotoka ardhini, na usiku ule maji yakapita pale lilipokuwa.

Mzee alilala ndani ya gari. Genkuru iko karibu na Hifadhi ya Serengeti, na tembo wanaingia mashambani usiku kula mahindi. Watu huwafukuza kwa moto na kelele za madebe. Mwenye nyumba ya jirani alituma watoto walete ugali wa mtama na mihogo, maziwa ya mgando, na ujumbe kwamba vijana wake watakesha karibu na gari. Hakuna mkataba uliomtaka afanye hivyo, na hakuna aliyemlipa.

Breki dauni lilifika wiki iliyofuata. Lilikuwa lori la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na dereva wake alipouona mteremko uliolowa, akagoma kushuka, na alikuwa na haki. Gari likavutwa kwa trekta la mtu binafsi hadi barabara ya changarawe, likapakiwa, likaenda mjini. Huko wakasoma kompyuta kwa dakika chache. Tatizo lilikuwa maji kwenye plagi moja ndogo ya sensa. Wakaikausha, wakasafisha pini zake, basi. Nilipoambiwa gharama ya kulivuta nililinganisha moyoni na idadi ya safari za mkoba ambazo fedha hiyo ingelipia, na niliumia.

Sikuelezi haya ili kusema magari ya zamani yalikuwa bora kwa kila kitu. Lile kuukuu letu halikuwa na mikanda ya usalama inayofunga vizuri, moshi wake uliingia ndani, na kwenye lami breki zake zilitutia hofu. Ninachokisema kinahusu mahali ambapo gari linapelekwa, na watu watakaokuwa karibu nalo litakapozima.

Walioanzisha magari haya walilijua hilo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ilikusudiwa mkulima, mtu mwenye spana na nyundo. Toyota walianza mwaka 1951 na gari walilolipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, yenye silinda sita, iliingia kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na ndiyo iliyoyabeba mashirika, hospitali na hifadhi nyingi za Afrika Mashariki. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakenika, haiongozwi na kompyuta. Betri ikidhoofika unalisukuma gari kwenye mteremko, linawaka. Ukiingiwa na hewa kwenye mafuta unafungua bolti moja, unapampu kwa mkono, unafunga. Maralal, kaskazini mwa Kenya, hadi leo Land Rover za zamani ndizo zinazobeba abiria na mizigo, kwa sababu mafundi wa pale wanazijua kuliko wanavyoijua mitaa yao. Arusha nako, Oktoba 2024, wenye Land Rover walikusanyika kwa mamia kutoka kila upande, kuukuu na mpya, na kila mwenye kuukuu ukimuuliza limedumuje, anakutajia fundi wake.

Tena si lazima liwe foo wili. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa ya magari ya kawaida ya abiria. Peugeot 404, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ilishinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania. Walipita matope ya aina hii hii kwa gari jepesi lililofunguliwa na kufungwa na mafundi mara nyingi hadi hakuna bolti wasiyoijua.

Injini mpya za dizeli zinatumia mafuta kidogo na moshi wake ni mdogo, lakini zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa juu mno kupitia matundu madogo sana. Zinataka dizeli safi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, na hatua hiyo ilisaidia. Hata hivyo ukishakiacha kituo cha mafuta ukaingia vijijini, dizeli utaikuta kwenye madumu, na dumu lililokaa juani na mvuani linaingiza maji. Anayechagua gari la Genkuru inampasa alijue dumu hilo.

Kuhusu msaada wa barabarani nimefikiri sana, kwa sababu ndilo jambo lililoniuma zaidi. Uingereza, chama cha wenye magari cha AA kilipoanzishwa mwaka 1905, watu wake wa doria walitumia baiskeli, na baadaye pikipiki zenye kibebeo cha pembeni kilichojaa vifaa. Nairobi nako wenye magari walikuwa na chama chao tangu 1919. Kilichowafanya wafike haraka ni kwamba walikuwa tayari barabarani, karibu na gari linapozimikia. Sasa mtazame yule kijana wa bodaboda, na yule fundi wa Nyamongo chini ya gari, na yule mzee na maksai wake. Doria tunayo. Tulichokosa ni utaratibu wa kuitambua na kuilipa.

Na utaratibu wa aina hiyo Tanzania imeshauweza, katika jambo zito kuliko gari bovu. Mpango wa m-mama ulianza mwaka 2013 Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa ajili ya nchi nzima. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, watu wanapiga 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa hapo hapo kijijini aliyekwisha kuandikishwa, anampeleka mgonjwa, analipwa kwa simu. Nimewaona akina mama waliofika hai kwa njia hiyo. Hakuna aliyemwambia mama asubiri gari kutoka Mwanza.

Kama hilo linawezekana kwa mama mwenye uchungu, linawezekana kwa gari linalobeba chanjo zake. Fundi wa Nyamongo aandikishwe, bodaboda waandikishwe, mwenye trekta aandikishwe, bei zijulikane mapema, na dereva apewe masurufu kidogo na ruhusa ya kuyatumia bila kungoja mtu aliye semina. Mzee alikuwa ameaminiwa kubeba wauguzi na chanjo za watoto wa kata nzima kwenye vijito vilivyojaa, lakini hakuaminiwa kununua plagi.

Kuna habari njema pia, na imetoka huko huko Nyamongo. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yanatakiwa yawe na soketi ya aina moja ya kusomea hitilafu, Ulaya ikafuata miaka michache baadaye, na vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi hiyo na kusoma kwa simu vimeshuka bei sana. Yule fundi kijana sasa anacho kimoja. Nilimkuta nacho, amekifunga kwenye kitambaa safi asikichafue kwa grisi. Kinasoma hitilafu nyingi, ila kuna nyingine kinakataa, kwa sababu watengenezaji wamezifungia kwa ajili ya mawakala wao. Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi wa mitaani taarifa zilezile wanazowapa mawakala. Wao wana mawakala wengi. Sisi wenye wakala mmoja kwa mikoa kadhaa tuna haja kubwa zaidi ya kudai hivyo, na mnunuzi wa magari mengi kwa mkupuo, iwe serikali au shirika, ndiye mwenye sauti ya kudai hilo kabla hajalipa.

Mzee amestaafu. Anafuga, na vijana wanaojifunza udereva wanamfuata nyumbani kumuuliza mambo. Mimi bado niko kazini, na bado natoka na mkoba.

Kwa hiyo wewe unayeandaa zabuni ya magari ya kupeleka huku, nakuomba jambo moja. Kabla hujatia saini, lilete gari moja Nyamongo, lisimamishe kwenye gereji ya chini ya mti, mwite dereva atakayeliendesha na fundi atakayelitengeneza, uwafungulie boneti. Waache waangalie kwa muda wanaoutaka. Halafu waulize mikono yao inaingia wapi, na jibu lao uliandike kwenye mkataba.